Nyumba Haikutosha

Yule bwana alinikuta sokoni nachambua dagaa. Ulikuwa mzigo wa Ikola uliofika asubuhi hiyo, dagaa wakavu, wazuri, ila wana mchanga, maana kule ziwani bado kuna watu hawajakubali kuanika juu ya vichanja. Alisimama mbele ya meza yangu, shati limechomekewa, mkoba begani, akanipa shikamoo yenye heshima zote. Nikaitikia marahaba, karibu, nikashika kopo la kupimia nikidhani nimepata mteja. Akaniuliza kama mimi ndiye mama niliyekuwa na nyumba Nsemulwa, karibu na kanisa la kigango. Nikamwambia ndiye. Akasema amekuja kwa ajili ya deni.

"Deni gani?"

"La benki, mama. Lile la mashine."

Nikacheka. Nilicheka mpaka muuza karanga wa meza ya pili akageuka kutazama kuna nini. Nilimwambia yule bwana amechelewa, wenzake walishakuja kulichukua hilo deni miaka sita iliyopita, wakalichukua pamoja na milango na madirisha yake, na kama anabisha aende Nsemulwa akaone nani analala chumbani kwangu.

"Najua, mama," akasema kwa upole. "Nyumba iliuzwa. Lakini nyumba haikutosha."

Nimeolewa, nimezaa, nimezika. Nimetukanwa na wakwe na nimetukanwa na walevi. Hakuna neno lililowahi kunichoma kama hilo. Haikutosha! Nyumba ya vyumba vinne na sebule, ya tofali tulizofyatua na kuzichoma wenyewe, bati za msauzi, kisima uani, mipapai inayozaa mpaka tunagawa. Choo cha ndani, ambacho mume wangu alikisimamia siku zote fundi alipokuwa anajenga, akipima kila kitu kwa macho kama vile yeye ndiye fundi. Leo mtu aliyevaa shati la kupiga pasi ananiambia haikutosha, huku anachungulia dagaa zangu kama zenyewe zingetosha.

Niseme jambo moja kabla sijaendelea, kwa sababu najua wapo watakaosoma hapa waseme huyu mama hataki tu kulipa. Tulikopa. Hakuna aliyetushika mkono kwa nguvu. Kukopa harusi, kulipa matanga, na harusi tuliicheza vizuri sana. Tuliweka hati ya nyumba rehani, tukanunua mashine ya dizeli ya kukoboa mpunga, tukaifunga Kibaoni, kwetu nilikozaliwa. Mwaka wa kwanza tulikoboa mpaka vumbi la pumba likawa linatutoka kwenye nywele kanisani. Mwaka wa pili mvua ilikatika mpunga ukiwa ndiyo kwanza unatoa masuke. Mwaka wa tatu umeme ukafika, akaja mtu na mashine ya umeme, anakoboa kwa nusu ya bei yetu. Marejesho yakatushinda. Benki walipobandika karatasi ya mnada ukutani nililia, ila sikubisha. Dawa ya deni ni kulipa, na usipokuwa na hela unalipa kwa kile ulichokiweka. Sina ugomvi na hilo hata leo. Ugomvi wangu unaanzia siku ya mnada.

Huku kwetu jirani akipigiwa mnada watu hawaendi kununua. Wanaenda kumsindikiza. Mpanda ni mji wa watu waliotoka kila upande, Wapimbwe sisi, Wabende, Wakonongo, Wafipa, Wasukuma walioshuka na ng'ombe zao, na hatujawahi kukubaliana hata ugali uwe mgumu kiasi gani. Ila kwa hili tunakubaliana wote. Nyumba ya jirani haipandishiwi bei. Anayenyoosha mkono mwenye nyumba akiwa anatazama amemla mwenzake akingali hai, na hiyo nyumba, wanasema, hatalala ndani yake usingizi. Hakuna aliyetukalisha kutufundisha. Tunajua tu, kama tunavyojua kwamba mwenye msiba hapiki.

Kwa hiyo siku ile wanawake wa jumuiya yetu walianza kuingia uani tangu asubuhi na mikeka kichwani, kanga mbili mbili. Mmoja alikuja na chupa kubwa ya chai, mwingine na sufuria la viazi. Wanaume wakaazima mabenchi ya kigango wakayapanga upande wa kisima. Katekista akatuongoza sala. Dalali alipofika na gari lake lenye spika juu, alishuka, akatazama watu walivyokaa, akavua kofia, akanisogelea akaniuliza kwa sauti ya chini, "Poleni sana. Nani amefariki?"

Tulipomweleza kwamba hakufa mtu na kwamba nyumba ndiyo hiyo hiyo anayoitafuta, alirudisha kofia yake kichwani akaanza kazi. Alitaja vyumba, akataja kisima, akasifia bati. Akaomba bei. Kimya. Akaomba tena. Watu wakatazama chini. Ndipo mtu mmoja aliyesimama peke yake getini, mgeni, amevaa viatu vyeupe, mmoja wa wale wanaozunguka wilaya hadi wilaya kufuata minada, akanyoosha mkono akasema milioni tisa. Nyumba ambayo hata kipofu angepapasa kuta zake angesema thelathini. Dalali akazunguka na kipaza sauti chake, akawabembeleza, akawatania, akawaambia jamani hii ni bure. Hakuna aliyeinua uso. Baba mwenye duka alikuwepo. Mwalimu mkuu mstaafu aliyekuwa amelipwa kiinua mgongo chake karibuni alikuwepo. Jirani yangu wa ukuta mmoja alikuwepo, yeye na mumewe. Wote wakakunja mikono.

Na mimi, nimekaa kwenye mkeka katikati ya wanawake, mmoja ameniwekea mkono begani, nilisema moyoni: tazama ninavyopendwa. Nilisema hivyo kwa shukrani kabisa. Dalali akagonga. Baadaye wakazungusha sinia la rambirambi, tukapata hela ya kodi ya miezi kadhaa ya vyumba viwili vya kupanga, na jioni mgeni wa viatu vyeupe akaleta kufuli mpya.

Sasa huyu bwana wa mkoba alinifafanulia pale mezani, mbele ya dagaa. Deni lilikuwa milioni kumi na nne. Nyumba ikaleta tisa. Zikabaki tano, na tano hizo zimezaa, sasa ni nane na kitu. Nilimuuliza walikuwa wapi miaka yote sita. Hakuna aliyenipigia simu, hakuna aliyeniletea hata salamu, na mimi sikuhama mji, nipo soko lile lile, ukiuliza mama wa dagaa hata kichaa wa stendi anakuleta. Akasema mafaili yalikuwa yanahamishwa. Mafaili yalikuwa yanahamishwa, riba haikuhama! Hiyo ilikaa pale pale ikaendelea kunenepa.

"Tunaweza kukubaliana vizuri tu, mama," akasema. "Tusifike mahakamani. Maana tumesikia una shamba kule Kibaoni."

Hapo ndipo kicheko changu kilipoisha.

Shamba lile si langu. Ni la mama. Ni majaruba ya mpunga aliyoachiwa na baba, na pembeni yake ndipo ilipo nyumba yake ya vyumba viwili, anapoishi, anapofuga kuku zake, anapotaka kuzikwa. Lakini kijiji kilipopimiwa ardhi na watu wakaanza kupewa hati za kimila, mama alikwenda ofisini akasema liandikwe jina langu. Hakutuuliza. Alisema hataki kufa halafu tung'ang'aniane na kaka zangu, na kwamba mimi nilishapoteza nyumba, basi nisipoteze na hili. Alifanya hivyo kwa upendo. Angebakiza jina lake, wasingeligusa.

Usiku nikamwambia mume wangu, ambaye siku hizi anashona viatu stendi. Yeye ni mtu mpole, na upole wake mara nyingine unanifanya nitake kuvunja sahani. Akasema, "Tunyamaze tu. Watachoka." Nikamwambia watu walioweza kukaa na deni miaka sita bila kusema neno, hao hawachoki, hao wana subira kuliko mamba. Akakubali, kwa sababu ndivyo anavyofanya nikipandisha sauti, akaendelea kutia uzi nta.

Nilikwenda Kibaoni kumwambia mama. Nilimkuta ndani ya maji ya jaruba, sketi ameikusanya magotini, anaziba tuta lililobomoka kwa matope, na umri wake ule. Nikavua viatu nikaingia kumsaidia. Tulifanya kazi, tukala, akanifungia mchele wa kwenda nao, na muda wote sikulitaja deni. Niliposimama kuondoka akanitazama.

"Mwanangu, mbona unalitazama shamba kama unaliaga?"

"Nimechoka na safari tu, mama."

"Haya," akasema, na mimi nikajua hajaamini.

Nilirudi mjini nikiwa na hasira ya kutosha watu watatu. Asubuhi nikavaa gauni langu la Pasaka nikaenda tawini. Meneja alikuwa mwanamke, mdogo kwangu, mtaratibu, akanipa kiti na chupa ya maji. Nasema hivi ili mjue hakunidharau. Angenidharau ingekuwa rahisi zaidi, ningejua pa kushika. Nilimwambia nyumba yangu iliuzwa kwa bei ya banda la kuku. Akafungua taarifa ya mnada, akaisoma, akaninyooshea mikono.

"Mama yangu, mnada ulikuwa wa wazi. Ulitangazwa. Hapa wameandika watu walihudhuria wengi sana, kuliko minada yetu yote ya mwaka ule. Kila mtu alikuwa na nafasi ya kutaja bei. Hakuna aliyezidisha tisa. Hiyo ndiyo inaitwa bei ya soko."

"Wale hawakuwa soko!" nilisema, na nadhani mpaka mlinzi wa nje alisikia. "Wale walikuwa wamekuja kunipa pole! Dalali wenu mwenyewe aliniuliza nani amefariki!"

"Sasa hilo, mama, sisi tungelijuaje?"

Nilikunywa yale maji yao yote nikaondoka na chupa. Njiani ndipo jambo lile liliponiingia vizuri. Yaani mikeka ile, chai ile, mikono ile iliyokunjwa, vyote vilikuwa vimekaa kwenye taarifa ya benki miaka sita kama ushahidi kwamba nyumba yangu haikuwa na thamani. Kila aliyekuja kulia na mimi alihesabiwa kama mteja aliyeitazama nyumba akaikataa. Wangekaa makwao siku ile, mnada ungeonekana hauna watu, na pengine ungeahirishwa. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Kuna dada mmoja anayetoa msaada wa kisheria kwa akina mama, ana meza yake kwenye veranda ya ofisi ya kata. Nilimweleza yote. Akaniambia sheria inamtaka anayeuza mali iliyowekwa rehani ajitahidi kupata bei nzuri inayowezekana, siyo kuitupa, na kama iliuzwa chini mno ninayo haki ya kuhoji. Akaniambia nitafute watu waliokuwepo, wakaseme nyumba zetu zilikuwa zinauzwaje mtaani wakati ule, na kwa nini walikaa kimya.

Nikaanza na jirani yangu, yule wa ukuta mmoja. Ni fundi cherehani, Msukuma, mwenzangu tangu watoto wetu wakiwa wanatambaa, tulikuwa tunapitishiana chumvi na makaa kwenye tundu la ua. Nilimkuta anashona sare za shule. Nilipomaliza kumweleza aliacha kukanyaga cherehani.

"Siku ile tulikuwa nazo," akasema.

"Nini?"

"Hela. Tulikuwa tumeuza ng'ombe, tunatafuta kiwanja. Mzee alitaka kunyoosha mkono. Alisema tutafika hata ishirini na tano, nyumba ya jirani tunaijua, ni nzuri. Mimi nikamshika. Nikamwambia ukinyoosha huo mkono, mimi na wewe basi."

"Ishirini na tano?" nikauliza.

"Ningekutazamaje mwenzangu?" akasema, na machozi yakaanza kumtoka. "Niamke asubuhi nafagia uwanja wako, wewe unapita na ndoo kwenda kwenye chumba cha kupanga? Ningekutazamaje?"

Nilifanya hesabu pale pale, nimesimama mlangoni. Ishirini na tano. Ningelipa kumi na nne yao yote, ningebaki na kumi na moja, ningejenga hata vyumba viwili pembezoni, na leo hakuna mtu mwenye mkoba angekuwa anauliza habari za shamba la mama. Nilimwambia huruma yake imenigharimu kuliko adui yeyote niliyewahi kuwa naye. Nilimwambia afadhali angenichukia. Nilimwambia na mengine. Aliyapokea yote ameinamisha kichwa, na hilo nalo likanichukiza, kwa sababu ndivyo alivyoinama siku ya mnada. Nikatoka bila kuaga. Ni vibaya sana kuwa na hasira na mtu aliyekupenda, maana huna pa kuipeleka.

Kesho yake alfajiri alikuwa mlangoni kwangu amevaa kanga zake za Jumapili.

"Twende huko benki," akasema. "Nikawaambie."

Alikwenda yeye na mumewe, katekista, na mwalimu mkuu mstaafu. Walikaa mbele ya meneja kwa mstari, kila mmoja akasema nyumba ile ilistahili bei gani na yeye alikuwa na uwezo gani. Mwalimu mkuu alisema angetoa ishirini taslimu. Katekista alisema yeye hakuwa na kitu ila alijua wenye kitu walikuwa wamekaa benchi gani. Meneja aliandika, akaandika, halafu akaweka kalamu chini akamtazama jirani yangu.

"Naomba nielewe, mama. Fedha mlikuwa nazo, nyumba mliitaka, na bei mliiona ni ya chini. Sasa kwa nini hamkununua?"

"Kwa sababu mwenyewe alikuwa amekaa pale anatuangalia."

Meneja akaichukua tena kalamu yake. Nilimwona kabisa kwamba ameelewa, maana naye ni mtu wa kwao, ana majirani. Akasema atapeleka maelezo yetu makao makuu, lakini hajui watayaweka wapi. Mwalimu mkuu akamwambia wayaweke pale pale walipotuweka sisi, kwenye orodha ya waliohudhuria.

Tukasubiri. Mvua zikaisha, mahindi yakavunwa. Siku moja nikapigiwa simu nikaambiwa habari njema: benki imenisamehe riba na faini zote. Nilipe ile tano tu. Wamenisamehe! Mtu anauza nyumba yako kwa bei ya kutupa, anakaa kimya miaka sita, halafu anakusamehe. Yule dada wa msaada wa kisheria alisema nisikubali, tuende baraza la ardhi, hata hiyo tano tunaweza kuiangusha. Na mimi nilikuwa tayari. Nilishaanza kuweka akiba ya nauli za kesi. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na mimi haki yangu nilikuwa naiona kwa macho.

Aliyenishinda ni mama. Maneno husafiri, na haya yalifika Kibaoni kabla yangu. Alikuja na lori la mpunga, amekaa juu ya magunia, kuku mmoja kwapani. Akaingia, akakataa chai, akakaa chini mlangoni.

"Kama ni shamba, wape shamba, mwanangu. Mimi nimeshalima vya kutosha. Ila waambie wasije usiku."

Alikuwa hajalala tangu asikie. Kila pikipiki ikipita barabarani alikuwa anatoka kutazama. Kesi ingechukua miaka, na miaka hiyo mama angekuwa amekaa mlangoni anasubiri kutolewa. Nikaenda tawini nikaweka sahihi. Sasa kila mwezi dagaa zangu zinalipia nyumba ambayo mtu mwingine anapangisha, na vyumba vyote vinne vina wapangaji, nimeuliza. Shamba limebaki, mama analala. Hasira nayo ninayo bado, haijapungua hata kibaba.

Mwaka jana ukaja mnada wa muuguzi mmoja mjane, mtaa wa nyuma yetu, aliyekopa kufungua duka la dawa. Alidaiwa kama ishirini. Nilikwenda. Mikeka ilikuwa imeshatandikwa, chai ipo, katekista amemaliza sala. Na getini, namwambia msomaji sikuamini macho yangu, alikuwa amesimama mgeni wa viatu vyeupe, kitambi kimeongezeka, viatu vingine ila vyeupe vile vile. Akatusalimia, akasema poleni.

Dalali aliomba bei. Viatu vyeupe akasema kumi. Watu wakatazama chini. Mimi nikamtazama muuguzi, amekaa katikati ya wanawake, mmoja amemshika bega, na usoni kwake nikaona kitu ninachokijua. Alikuwa anasema moyoni: tazama ninavyopendwa.

Nikasimama.

"Kumi na tano," nikasema.

Kwanza hakuna aliyeelewa. Halafu ikawa kama nimetukana kanisani. Mama mmoja akanivuta kanga akisema kaa chini, una wazimu? Mwingine akasema fisi. Muuguzi aliinua uso akanitazama, na sitausahau ule uso.

Viatu vyeupe akageuka kunitafuta, akasema kumi na sita. Nikasema kumi na nane. Mfukoni nilikuwa na mtaji wa dagaa, hela ambazo zisingenunua hata choo chake, na dalali akanishuku, akaniuliza, "Mama, robo ya kulipa leo unayo?" Nikamjibu kwa ukali, "Wewe umeuliza bei, hukuuliza mfuko." Viatu vyeupe akasema ishirini. Nikasema ishirini na moja. Akanitazama, akatabasamu, akakunja mikono.

"Ishirini na moja mara ya kwanza," dalali akasema. "Ishirini na moja mara ya pili."

Nilijiona niko kituo cha polisi. Nilimwona mume wangu anakuja na chakula kwenye hotpoti, mpole vile vile.

"Ishirini na tatu," ikasema sauti nyuma yangu.

Sikuhitaji kugeuka. Sauti hiyo nimeisikia kupitia tundu la ua miaka yangu yote ya kuishi Nsemulwa. Alikuwa amesimama juu ya mkeka, mkono juu. Kisha mwalimu mkuu, kwenye benchi, akasema ishirini na nne kwa sauti ya darasani. Viatu vyeupe akaacha kutabasamu. Aliitaka ile nyumba, iko barabarani, na sasa alijua kwamba hapa leo hapati cha bure. Alifika ishirini na nane na ndipo dalali akagonga. Muuguzi alilipiwa deni lake lote na akarudishiwa zilizobaki.

Hakuliona hilo siku ile. Alisimama, akauvuta mkeka wake mwenyewe kutoka chini ya wageni wake, akatutazama mmoja mmoja. "Hata nyie?" akasema. Sinia la rambirambi halikuzunguka. Tuliondoka kama wezi, jirani yangu na mimi, hatukuongea mpaka nyumbani.

Alihamia kwa mwanawe, mtaa wa tatu kutoka hapa. Jumamosi huja sokoni. Anapita mbele ya meza yangu, hageuzi shingo, ananunua dagaa za mwenzangu ambazo zina mchanga kuliko zangu. Hajanisalimia tangu siku ile. Lakini hadaiwi na mtu.